Betri Kali na Uzi Mwembamba

Wanangu mnaofungua laptopu mbovu, mkatoa betri zake za lithiamu na kuzitia kwenye tochi za zamani, nina neno nanyi. Sikuja kuwakataza. Najua raha ya kuiona tochi ya bati, ile ndefu aliyolindia babu shamba, ikitoa mwanga mweupe ambao haikuwahi kuutoa enzi zake. Lakini wanaokuja kibandani kwangu siku hizi hawaji kunionyesha mwanga. Wanakuja na balbu iliyokufa mkononi, kioo kimeingia weusi au uzi umekatika, na swali lao huwa lilelile: "Mzee, betri niliyotia ni moja tu, zamani zilikuwa mbili. Sasa balbu imeunguaje?"

Imeungua kwa sababu umehesabu betri, hukuhesabu volti. Na hata ungehesabu volti, huenda ungezisoma mahali pasipo pake.

Chukua balbu yenyewe, ile ndogo yenye ukosi wa bati, uisome ubavuni. Ya tochi ya betri mbili kubwa, ambayo Wamarekani waliipa namba PR2, ni ya volti 2.38 na nusu ampea. Ya betri tatu, PR3, ni volti 3.57. Ya betri nne, PR13, ni 4.75. Ya tano, PR12, ni 5.95. Mbona si 3, 4.5, 6 na 7.5, na kila betri kavu imeandikwa 1.5? Gawanyeni kila namba kwa idadi ya betri zake. Mtapata 1.19 kila mara. Aliyeitengeneza balbu alijua kwamba 1.5 ni volti za betri iliyokaa dukani bila kazi. Ikianza kusukuma nusu ampea inashuka, na sehemu kubwa ya kazi yake huifanya ikiwa karibu na 1.2. Balbu ilipimwa ikae hapo, si penginepo.

Betri aliyoifikiria mtu huyo ilikuwa ya zinki na kaboni, hizi tulizokua nazo sisi: za National kutoka kiwanda cha Matsushita hapa Dar es Salaam kilichoanza miaka ya 1960, za Eveready zilizotoka Nakuru mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014, na za Tiger Head kutoka China. Betri hizo zina ukinzani mkubwa tumboni mwake. Ni kama mzee anayepanda ngazi na gunia: kadiri unavyomwongezea mzigo ndivyo anavyopunguza mwendo, na huwezi kumkimbiza hata ukitaka. Ukiidai ampea nyingi kwa mpigo mmoja, volti zake zinaanguka.

Tuliyaona hayo kuwa ni upungufu. Kila mtu alilalamika kwamba betri ni dhaifu. Kumbe udhaifu huohuo ndio uliokuwa ukiilinda balbu, na hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote nitakayoyasema.

Uzi wa tungsteni ukiwa baridi, ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ule unaokuwa nao ukiwaka. Balbu ya volti 3.57 na nusu ampea ina ukinzani wa om 7 hivi ikiwa na moto. Kabla ya kuwasha ni kama 0.7 tu. Maana yake, wakati unapobonyeza swichi, kabla uzi haujapata joto, balbu inaomba umeme mara kumi ya ilivyoandikiwa. Betri ya zinki haiwezi kutoa kiasi hicho. Inatoa kidogo, uzi unapata joto taratibu, ukinzani unapanda, mambo yanatulia. Betri ya lithiamu ya laptopu haina simile hiyo. Volti 4.2 juu ya om 0.7 ni ampea 6, na itazitoa zote. Ndiyo maana balbu nyingi hazifi zikiwa zinawaka. Zinakufa kwenye swichi.

Sasa tuje kwenye bei ya kuzidisha volti. Watu wa taa wana kanuni ya miaka mingi: ukipandisha volti za balbu ya uzi, mwanga unapanda kwa kipeo cha kama 3.5, na uhai wa balbu unashuka kwa kipeo cha kama 13. Wengine husema 12, wengine 16. Kwa kazi yetu 13 inatosha. Fanyeni hesabu wenyewe kwa kikokotoo cha simu. Ukizidisha volti kwa asilimia 10, mwanga unaongezeka kwa asilimia 40, na uhai wa balbu unabaki chini ya theluthi moja. Ukizidisha kwa asilimia 20, mwanga unakaribia kuwa mara mbili, na uhai unabaki chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa asilimia 30 unapata mwanga mara mbili na nusu, na uhai wa sehemu moja ya thelathini. Hapo kanuni yenyewe inaanza kuyumba, maana balbu inaweza kukatika kabla hujamaliza kuishangaa.

Na kumbukeni sehemu moja ya kumi ya nini. Balbu ya chumbani ya zamani ilipimiwa saa 1,000. Balbu ya tochi, hizi za PR2 na PR3, ilipimiwa saa 15 hivi tangu kiwandani. Haikutengenezwa ikae. Mtengenezaji mwenyewe alishaisukuma ili betri mbili zitoe mwanga wa maana, kwa hiyo wewe unaongeza msukumo juu ya msukumo. Sehemu ya kumi ya saa 15 ni saa moja na nusu.

Yanayotokea ndani ni haya. Tungsteni inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na hakuna metali safi inayoizidi. Lakini uzi hauhitaji kufika huko ili ufe. Ukiwa na joto kali unageuka mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo unaganda kwenye kioo. Ndio weusi mnaouona. Mahali uzi ulipopungua unene, ukinzani unaongezeka, mahali hapo panapata joto zaidi, panapungua zaidi, mpaka panakatika. Gesi zinazotiwa ndani, kama kriptoni au zenoni, zinachelewesha mvuke huo. Haziuzuii.

Kinyume chake mnaweza kukiona huko Livermore, California, katika kituo cha zimamoto, ambako balbu moja ya uzi wa kaboni imekuwa ikiwaka tangu 1901. Watu huitaja kama muujiza, eti vitu vya zamani vilikuwa imara. Muujiza si mkubwa: balbu ile inatoa mwanga hafifu wa wati 4 hivi. Uzi wake haujasukumwa, ndiyo maana upo. Upande wa pili walikuwepo wapiga picha wa studio waliotumia balbu zilizosukumwa kwa makusudi, uzi ukafika joto la 3,400 kwa kipimo cha Kelvini, nazo zikadumu saa chache tu. Hakuna aliyelalamika. Bei ilijulikana, na balbu ya akiba ilikuwa kabatini. Mimi sina ugomvi na anayeichoma balbu kwa kujua. Nagombana na anayeichoma kwa kubahatisha, halafu anasema balbu za siku hizi ni feki. Ziko feki nyingi, nakubali, lakini si kila iliyokufa ilikuwa feki.

Tuzilinganishe basi. Betri ya lithiamu ya laptopu, hii inayokaribia unene wa kidole gumba mnayoijua kwa namba 18650, imeandikwa volti 3.6 au 3.7. Ikitoka kwenye chaja ina 4.2. Namba ya kushughulika nayo ni hiyo 4.2, kwa sababu balbu haisomi maandishi. Ukiitia betri moja kwenye tochi yenye balbu ya betri mbili, ile ya 2.38, umezidisha kwa asilimia 76. Utaona mmweko mmoja, basi. Balbu ya betri tatu, ya 3.57, ndiyo mwenzake: betri ikiwa imejaa unazidisha kwa asilimia 15 hadi 17, ikifika katikati ya chaji inakaribia kipimo chake. Balbu ya betri nne itawaka njano kidogo na itadumu. Mtu asiyetaka kununua balbu kila mara ningempa hiyo.

Kwa hiyo ya betri tatu kuna dawa ya shilingi chache. Tia rizista ya om 1 ya wati 1 kati ya betri na balbu. Kwa nusu ampea inakula nusu volti, kwa hiyo 4.2 inafika kwenye uzi ikiwa kama 3.7. Joto lake ni robo wati, halisumbui. Faida yake kubwa iko kwenye swichi: zile ampea 6 za mwanzo zinashuka kuwa mbili na nusu. Umeirudishia betri ule uzito wa zamani, kwa kipimo unachokijua wewe. Betri ikishuka mwanga utakuwa wa njano zaidi kuliko bila rizista, na kuna vijana wataikata kwa sababu hiyo. Shauri lao.

Betri za nikeli za kuchaji zimeandikwa 1.2, na kwa kuwa balbu imepimiwa 1.19 mtu anadhani ndoa imekamilika. Karibu. Zikitoka kwenye chaja moto moto huwa na 1.4 au zaidi, na ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, hivyo hazishuki unapowasha. Ziacheni zipumzike kabla ya kuzitia, au muwashe kwanza kwa balbu msiyoionea huruma. Zikishatulia kwenye 1.25 hivi ni betri bora kwa balbu hizi, na kwa anayeanza ningemshauri aanze nazo kabla ya kugusa lithiamu.

Iko lithiamu nyingine, ya fosfeti ya chuma, mnayoikuta kwenye taa nyingi za sola. Hiyo ni volti 3.2, na ikijaa haizidi 3.65, kisha inashuka haraka hadi 3.3 na kutulia. Mbili zake zinafaa kwa balbu ya betri tano: 6.4 juu ya 5.95 ni nyongeza ya chini ya asilimia 8. Mnapata mwanga wa ziada wa kama asilimia 30, balbu inabaki na zaidi ya theluthi ya uhai wake. Ila chaja yake si ile ya lithiamu za laptopu. Ile inapeleka 4.2, na betri hii haikuumbiwa hiyo. Na mbili za laptopu mahali pa hizi mbili ni 8.4, balbu hiyo msiinunue kabisa, mtakuwa mmetupa hela.

Sasa kuna wakubwa wa mchezo huu. Marekani mwaka 1979 Anthony Maglica alianza kuuza tochi ya alumini, Maglite, huko California, na watu wakagundua kwamba bomba lake linaweza kubeba mambo makubwa kuliko balbu iliyokuja nalo. Wakatoa kikombe cha plastiki cha kurudisha mwanga wakaweka cha alumini, wakatoa kioo cha plastiki wakaweka kioo cha kweli, wakafunga balbu za halojeni za vifaa vya maabara na za projekta. Mojawapo inayojulikana ni Philips 5761, ya volti 6 na wati 30. Vijana wachache huku nao wamezifikia, na hao ndio ninaowahofia zaidi.

Halojeni, iliyopatikana General Electric miaka ya 1950, ina akili yake. Gesi iliyomo, aghalabu ya bromini au iodini, inauchukua mvuke wa tungsteni karibu na kioo na kuurudisha kwenye uzi. Kwa sababu hiyo inavumilia kusukumwa kuliko balbu ya kawaida, na kioo chake kinabaki cheupe. Lakini kazi hiyo inataka kioo kiwe na joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo ukiiwasha kwa volti pungufu inaweza kuingia weusi kama balbu nyingine. Usiishike kwa vidole. Jasho na mafuta ya ngozi vikiungulia kwenye kioo vinakidhoofisha. Ukiigusa, ifute kwa spiriti.

Mkiitaka hiyo ya volti 6 kwa betri mbili za laptopu, hesabu ni hii. Zikijaa ni 8.4, yaani asilimia 40 juu. Mbona basi kuna watu zimewawakia? Kwa sababu balbu inavuta zaidi ya ampea 5, na kwa ampea 5 kila kitu njiani kinadai chake. Sehemu moja ya kumi ya om kwenye springi, swichi na kifuniko inakula nusu volti. Ukinzani wa betri zenyewe unakula kidogo zaidi ya hapo. Inayofika kwenye uzi pengine ni 7.2, asilimia 20 juu, na hapo halojeni inaishi kwa muda wa kueleweka. Tochi hiyo inawaka kwa sababu ya uchafu na springi mbovu! Siku mwenyewe atakapoisugua springi kwa msasa, akalehemu waya mnene wa shaba juu yake, akanunua betri mpya kali, balbu itakufa swichi ya kwanza, naye atasema aliitengeneza vizuri ikaharibika. Nusu volti tu kwenye balbu ya volti 6 ni asilimia 8, na asilimia 8 inaondoa zaidi ya nusu ya uhai uliobaki.

Kwa hiyo pimeni kwenye balbu, na pimeni ikiwa inawaka. Ncha moja ya mita ya volti kwenye ukosi, nyingine kwenye kitako, au kwenye miguu miwili kama ni halojeni. Volti za betri iliyolala mezani ni habari ya mezani. Anzeni na betri iliyokwisha tumika nusu, msome namba, mgawanye kwa iliyoandikwa kwenye balbu. Kwa balbu ya kawaida, mkifika 1.1 simameni. Kwa halojeni nzuri, 1.15 hadi 1.2. Kisha ongezeni chaji hatua kwa hatua, mkipima kila mara, na betri zilizotoka kwenye chaja sasa hivi ziwe za mwisho kujaribiwa. Baada ya dakika chache za kuwaka zimeni, mwangalie kioo kikipoa. Kikianza kuwa na kivuli cha kijivu, mmezidisha.

Mtaniuliza kwa nini mtu ahangaike na haya yote wakati taa ya LED inatoa mwanga mwingi zaidi kwa betri ileile. Ukitaka mwanga tu, nunua LED, nami nitakusifu. Mlinzi, mvuvi, mama anayetoka usiku na mtoto mgonjwa, wote hao ningewapa LED. Balbu ya uzi inawafaa wanaopenda rangi yake, jinsi ngozi ya mtu na udongo mwekundu vinavyoonekana chini yake, na wanaotaka kuelewa umeme kwa kuuona. Hiyo ni sababu halali, lakini ni sababu ya mapenzi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sisemi habari ya guu, nasema habari ya vidole na macho. Balbu ikiungua umepoteza balbu. Betri ya lithiamu ikizidiwa ndani ya bomba la alumini lililozibwa kwa mpira ili maji yasiingie, gesi haina pa kutokea, na kinachofuata ni mlipuko mkononi mwako, pamoja na moshi wa sumu. Betri za laptopu za kawaida hazikutengenezwa kutoa ampea 5 au 6 mfululizo, tena zikiwa zimeshachoka kwenye kompyuta ya mtu kwa miaka. Mkizipanga mbili au tatu kwa mfuatano, iliyo dhaifu inaisha kwanza, nazo nyingine zinaendelea kuisukuma mpaka inageuzwa chanya na hasi. Msichanganye ya zamani na mpya, wala za kampuni mbili. Chini ya volti 3 kila moja, zimeni. Mwanga ukigeuka wa njano, msisubiri uwe mwekundu. Tochi ya wati 30 msiilaze kifudifudi kwenye godoro. Ikisahaulika inawaka, inaweza kuunguza kitambaa.

Betri mliyoikuta ndani ya laptopu ina volti chini ya 2, au ina kutu, au ganda lake limechanika, msiifufue. Msiitoboe, msiitupe motoni, msimpe mtoto achezee. Zibeni ncha zake kwa selotepu, muiweke kwenye kopo la mchanga nje ya nyumba mpaka mumpate anayekusanya taka za umeme. Na mita ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kazi hii yote. Inunueni kabla ya balbu ya pili.